Majuma Matano Bila Ugali

Niliwaambia wakwe zetu kwamba ugali wa mama yangu unaua watu. Walikuwa wamekaa sebuleni kwetu, wameshanawa mikono, kuku yuko mezani anafuka moshi, na mimi nikalisema neno hilo huku natabasamu. Hilo ndilo kosa langu. Naliandika hapa mwanzoni ili mtu asisumbuke kulitafuta. Makosa mengine yote yaliyomo humu ni ya mjomba.

Mjomba ni mdogo wake mama. Anafanya kazi ya uwakala pale Malaba, yaani anajaza makaratasi ya malori ili yavuke kwenda Uganda. Lori likikwama siku tatu, naye hukaa siku tatu kwenye kiti akinywa chai na mandazi pamoja na madereva na matanboi, wasaidizi wao. Kazi hiyo ilimpa tai mbili na tumbo moja, lakini tumbo lenyewe lilikuwa la watu wawili. Baba yetu ni dereva wa masafa, leo yuko Mombasa, kesho haijulikani. Kwa hiyo kila Jumamosi mjomba alikuja kwetu Bukhayo kukalia kiti cha baba na kutoa amri ndogo ndogo.

Mimi nami sikuwa mwembamba. Shuleni wananiita Trela, kwa sababu tukikimbia mimi hufuata nyuma na mzigo. Jina hilo nililipenda mpaka siku ile ya gwaride la Jumatatu. Bendera inapanda, tumesimama wima, mwalimu wa zamu anasema kifua mbele, pumzi ndani. Nikaingiza pumzi. Kifungo cha kaptula kikaruka, kikampiga kiranja mgongoni, na kaptula ikaanza safari ya kwenda chini wakati bendera inakwenda juu. Shule nzima ilijizuia kwa heshima ya taifa, kisha ikashindwa. Nilicheka pamoja nao. Mimi hucheka kwanza, ndiyo kanuni yangu, wengine wakianza wakute nimeshamaliza. Lakini nilipofika nyumbani nilishona kifungo kwa uzi wa gunia na siku hiyo sikumtania mtu.

Jumamosi mjomba akaja na kitabu. Alipewa na Mzungu mmoja aliyekwama siku mbili forodhani akisubiri karatasi za gari lake, mtu mwembamba kama mlingoti, ambaye siku mbili hizo hakula ila nyama na mayai ya kuchemsha. Mjomba alimwuliza siri ya wembamba wake. Siri ilikuwa hicho kitabu cha Kiingereza kisicho na jalada, nusu yake ya mwisho imenyofoka. Mjomba alisimama nacho katikati ya sebule, akatutafsiria kwa sauti ya mtu wa redio.

"Ugali, marufuku. Muhogo, marufuku. Viazi, ndizi, mkate, maharagwe, sukari kwenye chai, marufuku. Vitu vyote vya unga vinaua mtu polepole."

"Nini kinabaki?" mama akauliza. Alikuwa anabambua karanga na hakuinua kichwa.

"Nyama, dada. Mayai. Samaki. Siagi."

"Siagi ya nani?"

Mjomba akapindua ukurasa. "Hii inaitwa dayeti. Watu wakubwa wote wako kwa dayeti."

"Na huko mwisho kinasemaje? Mtu anakula hivyo mpaka lini?"

"Mwisho hakuna. Umenyofoka."

"Kwa hiyo mmepanda gari na hamjui mnashukia wapi," mama akasema, akaendelea na karanga zake.

Mama naye alikuwa na elimu yake. Kitindamimba wetu alipovimba miguu utotoni, mama alikwenda naye kliniki ya misheni upande wa Nangina, na huko wauguzi waliwafundisha kwa picha za ukutani: chakula cha kutia nguvu, cha kujenga mwili, na cha kukinga magonjwa. Mama alirudi akaitafsiri elimu hiyo kwa mkono wake mwenyewe. Ugali ngumi moja. Mboga ngumi mbili. Kitoweo kadiri Mungu alivyojalia, iwe omena, wale dagaa wa ziwani, iwe maharagwe, iwe yai. Tunda likiiva, liliwe. Jioni hiyo alinishika bega akaniambia, "Wewe tatizo lako si ugali. Tatizo ni ule wa pili, na ule wa tatu, na ukoko unaokwangua wenzako wakilala."

Alisema kweli, na ukweli wenyewe ndio ulioniudhi. Mama alinipa dawa ya kula maisha yangu yote. Mjomba alinipa dawa ya majuma machache, na mimi nilikuwa na kaptula moja. Nikamchagua mjomba.

Sasa nieleze majuma hayo bila kujipendelea. La kwanza lilikuwa tamu. Mjomba alileta nyama ya Malaba imefungwa kwenye gazeti, tukala wawili kama machifu huku ndugu zangu wanatutazama. La pili nyama iliisha nikahamia mayai. Kuku wetu wa mayai walikuwa wachache, na mayai hayo yalikuwa yameshapangiwa kazi. Mama aliyataka yaatamiwe, kwa sababu dada yangu mkubwa alikuwa ameposwa na wakwe walitarajiwa. Nilikuwa nayaokota kabla kuku hajamaliza kutangaza.

Shuleni chakula cha mchana ni mahindi na maharagwe, yote marufuku. Fungu langu nilimpa jirani yangu wa dawati. Nikapungua mimi, akanenepa yeye, uzito wa darasa ukabaki ule ule. Shukrani yake ilikuwa hii:

"Trela, leo umekula nini?"

"Yai."

"Lini? Mwaka jana?"

Mdomo wangu ulikuwa unanuka kweli, na kichwa kiliuma kila asubuhi, na hesabu zilikuwa zinacheza ubaoni. Mambo ya chooni sitayaandika. Niseme tu kwamba majuma hayo nilisali zaidi huko kuliko kanisani. Lakini sitadanganya kwa sababu ya kumfurahisha mtu: nilikonda. Mshipi ulitoboka tundu jipya, kisha jingine. Nilimwonyesha mama. Akautazama mshipi, akanitazama usoni.

"Umekonda, ndiyo. Hata mgonjwa hukonda."

Na kila jioni, majuma yote hayo, mama aliniwekea sahani. Ngumi moja ya ugali, ule wetu wa mtama na muhogo, mweusi kama udongo wa mtoni, mboga ya mrenda pembeni, omena juu. Sikuigusa. Naye aliiondoa akawapa wadogo. Mtu wa mbali hatajua uzito wa jambo hilo. Kwetu ukiacha chakula cha mwenye nyumba siku moja, utaulizwa unaumwa wapi. Ukiacha siku tatu, hakuna atakayekuuliza wewe tena. Ataulizwa aliyepika, ametia nini. Jirani mmoja alimwuliza mama kisimani, mbele ya wanawake wengine, "Huyo kijana wako ameona nini kwenye chungu?" Mama alirudi na mtungi akanisimulia neno kwa neno. Nilicheka.

Juma la tano ndipo wakwe wakaja.

Walitoka upande wa Kocholia, Wateso, watu wa ng'ombe na muhogo. Mchumba mwenyewe anafanya kazi kwenye kiwanda cha pamba, kijana mtaratibu, na dada yangu alimpenda hata akaacha kunigombeza. Tena walikuwa wamefika mbali kuliko waliowatangulia. Miaka miwili nyuma watu wengine walikuwa wamekuja kumposa dada, wakasikia sijui nini njiani, hawakurudi. Hakuna aliyetoa sababu. Wakwe wa huku hawagombani wala hawapigi kelele. Hunawa mikono, hushukuru, na njia ya kwenu huota nyasi. Dada alifundisha watoto wa darasa la kwanza miaka hiyo yote miwili huku akisalimiwa kwa huruma.

Asubuhi hiyo aliniita nyuma ya jiko. Alikuwa amesuka nywele mpya na macho yake yalikuwa mekundu kwa moshi, au alisema ni moshi.

"Leo usifanye mzaha," akaniambia. "Leo tu. Kesho utanitania mpaka jua lizame."

"Sawa, dada."

"Apa."

Nikaapa.

Chakula cha wakwe kina sheria zake. Mama hakai nao, maana mama mkwe na mkwe wake hawaonani uso kwa uso. Alibaki jikoni, ng'ambo ya ukuta wa udongo, anasikia kila kitu. Mwenye nyumba hukaa na wageni, na baba akiwa barabarani, mwenye nyumba alikuwa mjomba, na mimi msaidizi wake. Maji yakishapita, mtu wa nyumba ndiye humega ugali wa kwanza. Akishatia mdomoni, wageni nao hunyosha mikono. Asipomega, hakuna anayemega.

Nilijua sheria hiyo tangu sijaota meno. Mjomba aliijua kabla yangu. Nataka hilo lieleweke.

Wageni walikuwa watano. Msemaji wao alikuwa mzee mfupi mwenye koti la mvua, ingawa mvua haikuwapo. Mjomba aliomba dua ndefu yenye Kiingereza ndani. Dada akaleta ugali, ukaumuka katikati ya meza kama kichuguu. Akaleta kuku, akaleta mboga za kunde zilizotiwa simsim, akarudi nyuma ya pazia. Mjomba akanyosha mkono, wote tukautazama. Mkono ukaupita ugali. Ukaenda kwa kuku, ukachukua paja.

Mzee wa koti akaona. Akanigeukia mimi, kwa upole kabisa, akausukuma ugali upande wangu kidogo.

"Kijana, tufungulie basi. Tumetembea na njaa."

Na hapo ndipo mdomo wangu ukafanya kazi bila mimi. Nilikuwa na njaa ya majuma matano, kichwa chepesi, na nilikuwa najivunia mshipi wangu. Nikasema, "Mimi huo sili, mzee. Ugali wa mama unaua watu. Polepole, lakini unaua."

Nilingoja wacheke. Pale shuleni wangecheka.

Mzee alirudisha mkono wake akauweka gotini. Wenzake wakarudisha yao, mmoja mmoja. Yule mchumba, ambaye alikuwa ameshachukua kijiko cha mchuzi, alikilaza mezani bila kutoa sauti. Ng'ambo ya ukuta kulikuwa na mlio wa mwiko ukikwangua sufuria, nao ukakoma.

"Dada yetu huko ndani," mzee akasema, "atuletee maji tunawe."

Mjomba akainuka nusu. "Hapana, bwana mkwe, ngoja nikueleze. Ni mambo ya kisayansi. Hii kitu ina kabohaidreti."

"Ina nini?"

"Kabohaidreti. Iko ndani, huwezi kuiona kwa macho."

Mmoja wa wageni akasogeza kiti chake nyuma.

"Nimekaa nayo majuma matano bila kugusa," mjomba akaendelea, jasho limemtoka, "mimi na huyu kijana. Tazama jinsi tulivyopona."

Kama alikuwa anachimba kaburi la uchumba wa dada yangu, hapo alikuwa ameshafika kwenye maji. Dada alitoka na birika na beseni. Alitembea wima, na hakunitazama. Ningependelea anipige na birika. Akamwinamia mzee kumnawisha, na mikono yake ilikuwa imetulia kabisa, na utulivu huo ndio ulionimaliza.

Nikakasirika. Sijui nisemeje, lakini sikuona aibu kwanza, niliona hasira. Nilikikasirikia kitabu kisicho na mwisho. Nilimkasirikia mjomba na paja lake la kuku. Nilikasirikia kifungo cha kaptula. Mwanamke ametulea sote kwa sufuria ile, hakuna aliyekufa, hata yule aliyevimba miguu alipona kwa sufuria ile ile, halafu mimi, niliyenenepa kwa mkono wake, nimeketi hapa namwuza kwa matundu mawili ya mshipi.

"Dada, rudisha maji," nikasema.

Hakusikia, au hakutaka.

"Rudisha maji. Wazee, nimesema uongo. Nilikuwa najinyima chakula nikonde, basi. Huo ugali ndio ulionijenga. Niangalieni."

"Tunakuangalia," mzee akasema.

Nikamega. Sikumega tonge la adabu. Nilimega upande mzima wa kichuguu, nikaufinyanga, nikauchovya kwenye mchuzi, nikatia mdomoni. Nikafuatisha kunde. Nikamega tena. Mtama una uchachu fulani, na muhogo unauvuta, na kuna moshi kidogo ndani kwa sababu jiko letu halina dirisha. Nilikuwa nimesahau. Majuma matano nilikuwa nikila vitu vinavyokwenda tumboni na kukaa kama wageni wasiosema. Hiki kilijua njia.

Mzee akainua kidole kuwazuia wenzake. "Tungoje."

Tukangoja. Watu watano na mjomba wananitazama koo. Nakiri kwamba wazo lilinijia la kujishika tumbo na kuanguka chini ya meza, hata kwa dakika moja tu. Sijawahi kupata hadhira nzuri namna ile. Niliacha. Hilo ndilo jambo gumu zaidi nililofanya mwaka ule, na hakuna aliyenipongeza, kwa sababu hakuna aliyejua.

Badala yake macho yakaanza kunitoka machozi, yenyewe. Yule aliyesogeza kiti akanong'ona, "Imemshika."

"Analia nini?" mzee akauliza.

"Ni tamu, mzee," nikasema, mdomo umejaa.

Alinichungulia kwa muda mrefu. Kisha akakunja mikono ya koti.

"Huyu hakulishwa kitu," akawaambia wenzake. "Huyu ana njaa. Angalieni anavyomeza, kama ndama aliyefichwa mama yake." Akamega. Wakamega. Mchumba alimega haraka kuliko wote, maskini, bila kunitazama. Na kabla mkono wa mwisho haujafika, mkono wa mjomba ukapita katikati yao, ukakata nusu ya kilichobaki.

"Bwana mkwe," mzee akasema, "acha na sisi."

Ng'ambo ya ukuta mwiko ukaanza tena. Ugali wa pili ukaja. Wa tatu ukaja. Waliomba na mrenda. Maneno ya posa yaliyowaleta yakasemwa baadaye, kwa sauti ya watu walioshiba, na siku ya kurudi ikapangwa, na walipotoka yule mzee alimshukuru mama kupitia ukutani, kama desturi inavyotaka, akisema chakula chake kinakaa tumboni. Dada yangu alisimama nje hadi walipopotea njiani. Kisha akaja akanipiga kofi moja safi la mgongo, akaanza kulia, akacheka, akaenda kuosha vyombo.

Mjomba alirudia dayeti yake Jumatatu, akaiacha Jumatano. Bado huirudia. Kila akiirudia hukonda kidogo, na kila akiiacha hunenepa zaidi, na bado anaamini siri imo katika zile kurasa zilizonyofoka. Mimi sikiamini kitabu hicho hata akikipata kizima. Nala ngumi yangu moja na mboga ngumi mbili, viazi vitamu asubuhi, samaki akiwapo, na siku ya sherehe sihesabu ngumi, na sitamwomba mtu ruhusa. Tundu moja la mshipi limerudi, jingine limebaki. Kichwa hakiumi. Shuleni bado ni Trela, na juzi mmoja alipoimba jina hilo uwanjani nilimwuliza, kule Malaba aliwahi kuona trela ikikosa mzigo ikaitwa ya maana? Nimeanza kukimbia pia, jioni, mpaka kisimani na kurudi. Nafika wa mwisho hata nikiwa peke yangu, na nafika.

Lakini nilitaka kueleza mama alisema nini jioni ile. Wageni wameondoka, mjomba amelala kwenye kiti cha baba mdomo wazi. Niliingia jikoni nikasimama karibu na mlango, tayari kwa mwiko. Nilikuwa nimeandaa maneno mazuri ya kuomba radhi, yenye kichekesho kimoja katikati. Mama alikuwa amekaa kwenye kigoda, miguu imenyooka mbele, unga mpaka kwenye viwiko. Hakunipa nafasi. Alisema:

"Wakirudi, wewe ndiye utakayemega kwanza. Utachukua ugali, utachukua mboga, utachukua kuku, kila kitu kidogo kidogo, na huo mdomo utautumia kwa kazi hiyo peke yake. Sasa niletee maji, nimechoka."